Mbegu ya Watano

I

Mzee Lwitiko alichukua siku tisa kufa, na siku zote tisa alikataa kulala akiwa ameelekeza uso wake upande wa Mlango.

Wauguzi walimlaza ubavu wa kulia ili kifua kipate nafasi. Kila walipompa kisogo alijivuta, akiguna kwa maumivu, mpaka akarudi kuutazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mwamba mtupu, wa uvuguvugu, kwa sababu nyuma yake lilipita bomba la mvuke lililoupa mji wa Mvukeni taa, maji na hewa. Mlango haukuwa hata karibu. Ulikuwa ngazi mbili juu, mwisho wa njia kuu, chuma kizito chenye unene wa kifua cha mtu, na ulikuwa haujafunguliwa kwa miaka hamsini na mmoja. Lakini mzee alijua ulipo, kama mtu anavyojua alipo mbwa mkali hata akiwa amefumba macho.

Atuganile alikuja kumwona kila asubuhi taa zilipoongezwa mwanga. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye vidole vyembamba, aliyezoea kuzungumza na vyombo vyake kuliko na watu. Mjini kote yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuvuna?"

"Bado, mzee. Nimekuja kuitazama tu."

Alimbandika kipimo chake nyuma ya sikio la kushoto, juu ya kovu dogo. Chini ya kovu lile, ndani ya mfupa, ndimo ilimokuwa mbegu. Watu waliiita hivyo kwa kuwa ilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Ilikuwa ya kauri, na ilitoa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zikaingia katika ubongo na kunasa alichokisikia mwenye kuibeba, hata cha kabla ya kupandikizwa, kila kilipomrudia kichwani. Kila mmoja wa Watano alikuwa nayo. Mmoja akifa, mbegu yake ilitolewa, ikaoshwa, ikapandwa kwa mrithi. Na mrithi hakurithi kiti tu, alirithi kumbukumbu. Walimu waliwaambia watoto kwamba kwa njia hiyo Mvukeni ilikuwa bado inatawaliwa na watu wale wale watano walioujua mlima na, ulipolipuka, kuuokoa mji, ila sura ndizo zilizobadilika.

Walimu hawakusema, pengine hawakujua, kwamba mbegu hainasi mambo yote sawasawa. Fundi alijua. Mbegu hunasa damu inapokwenda mbio. Siku za kawaida, za kula na kucheka na kufanya kazi, huteleza juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Kinachobaki ni hofu. Na ikishapandwa kwa mtu wa pili, hofu ya wa kwanza humkurupusha wa pili, nayo ikanaswa tena juu ya ile ya kwanza, mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Kwenye kioo cha kipimo Atuganile aliuona mkwaruzo mmoja wa mzee Lwitiko ukiwa mrefu na mweusi, umechimbika mara elfu mahali pale pale.

"Umewahi kuisikiliza?" mzee aliuliza.

"Sheria hairuhusu, baba. Sisi tunaangalia mawimbi tu."

"Sheria iliwekwa na nani?"

"Na Watano."

"Naam. Nilikuwepo. Niliinua mkono." Alinyamaza ili apumue. "Isikilize hii yangu kabla hujampandikiza mwingine. Mimi nimekaa nayo miaka ishirini na sita. Mhandisi Gwamaka alikaa nayo ishirini na tano kabla yangu. Inatosha, mwanangu. Wasikilize wanavyogonga."

"Nani wanagonga?"

Mzee Lwitiko alikuwa ameuweka uso wake karibu kabisa na mwamba, na midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu.

Kesho yake, kabla ya chai, alikata roho.

II

Siku ile ile ya kifo, redio koli iliyokuwa kimya tangu Atuganile azaliwe ilisema.

Habari zilifika katika bwalo la chakula wakati wa mchana. Watu arobaini na watatu wa Kambi ya Kaskazini walikuwa njiani. Kisima chao cha mvuke kilikufa, wakafungasha, na sasa walikuwa wametembea siku kumi na moja katika gesi ya mlima wakiwa wamevaa barakoa. Kesho kutwa asubuhi watafika Mlangoni. Vichujio vya barakoa zao vingewafikisha hadi jioni ya siku hiyo, basi. Waliomba kufunguliwa.

Atuganile alitazamia zogo. Mvukeni ilikuwa na watu elfu moja na mia mbili, na kisima kimoja kati ya vitatu kilikuwa kimeanza kupungua nguvu. Vinywa arobaini na vitatu vilimaanisha mwaka mzima wa kujifunga mkanda. Lakini hakuna aliyebisha wala kutetea. Watu walisikiliza tangazo, wakainama tena kwenye sahani zao.

"Watano wataamua," alisema mtu wa meza ya jirani.

"Watano wataamua," mwenzake akaitikia, kama mtu anayeitikia salamu.

Jikoni, mama yake Atuganile, Bi Subilaga, alikuwa akimenya viazi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na bado alimenya kwa kasi kuliko wasichana waliomzunguka. Atuganile alisimama karibu naye.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unaonaje?"

Kisu hakikusita. "Mimi ni mmenya viazi, Atu. Wenye kuamua wapo."

Atuganile alirudi karakana, akafunga mlango. Mbegu ya mzee Lwitiko ilikuwa katika bakuli la kioo, ndani ya maji ya chumvi, na nyuzi zake zilichezacheza kama mizizi ya kitunguu. Ingekaa hai siku sita nje ya mwili. Siku ya maziko ingewekwa mbele ya watu wote ukumbini, na yeye fundi angeunganisha waya, na spika zingetoa mvumo wake: sauti isiyo na maneno, kama nyuki ndani ya gogo. Watu wangesimama kwa heshima. Ndivyo desturi ilivyokuwa. Waya wa mvumo ulikuwa mweupe. Waya wa maneno ulikuwa mwekundu, nao ulikaa katika droo, haujawahi kutumika mbele ya macho yake.

Alikaa akiitazama ile droo kwa muda mrefu. Kisha akautoa waya mwekundu, akavaa hedifoni.

Kwanza alisikia pumzi. Mtu mzima, mwanamume, akipumua kwa mdomo. Halafu vishindo vya watu wengi ndani ya ukumbi na sauti ya Mhandisi Gwamaka, ambayo kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe ilitoka nzito na ya ndani, kama mtu anayesemea kwenye mtungi.

"Hewa ipo ya miezi kumi na saba kwa sisi tuliomo. Tukiwaingiza walio nje, watu mia mbili na kumi na wawili, itakuwa miezi kumi na minne. Majivu yatakaa angani kwa muda gani, sijui. Hakuna anayejua. Mlango bado haujafungwa kabisa. Semeni."

Mtoto alikohoa. Kwa mbali, kitu kilikuwa kikigonga chuma.

Ndipo sauti ya kiume kutoka nyuma ya ukumbi ikasema, si kwa ukali, bali kama mtu anayeomba apunguziwe mzigo: "Kwani lazima tuamue sote? Wachaguliwe watu wachache waamue. Sisi wengine tusiulizwe."

Mnong'ono ulipita, ule wa watu wanaopata nafuu.

"Nani hao?" Gwamaka aliuliza.

"Ninyi hapo. Mliokaa benchi la mbele."

Gwamaka, na bila shaka alikuwa akigeuka kutazama, alihesabu kwa sauti ndogo. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Na mimi." Halafu: "Wanaoafiki wainue mikono."

Mikono haina sauti. Atuganile alisikia tu nguo zikisuguana, nguo nyingi, ukumbi mzima, kama upepo katika mashamba.

Kilichofuata kilikuwa nyayo za watu watano kwenye njia kuu, na kule kugonga kukikaribia, mgongo wa chuma ukigongwa kwa viganja, kwa mawe, kwa kitu kama sufuria. Sauti ziliita majina. Kulikuwa na kijitundu bado, maana maneno yalipita. Mwanamke mmoja alikuwa karibu sana na kijitundu, hakupiga kelele, alisema tu tena na tena: "Mwambieni Subilaga nipo hapa. Subilaga wa Mwakitwange. Mwambieni ni mimi, Ikupa dada yake, nimefika."

Kisha usukani wa Mlango ukazungushwa.

Waligonga siku mbili. Mbegu ilikuwa imezinasa zote.

III

Bi Bupe aliingia karakana asubuhi iliyofuata bila kubisha hodi. Watano hawakubisha hodi popote. Alikuwa wa kwanza kwa cheo miongoni mwao, mama mwenye miaka kama sitini, mnene kidogo, aliyetembea polepole kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima watu walimpisha njia na hakuwa na haja ya kuharakisha. Aliutazama waya mwekundu juu ya meza. Akavuta kiti.

"Hujalala," alisema.

"Sijalala, mama."

"Usiku wa kwanza ni mbaya. Wa pili pia." Alijigusa nyuma ya sikio. "Yangu ilitoka kwa mwalimu Tusajigwe. Yeye aliziba masikio, kwa hiyo mimi nasikia zaidi moyo wake. Wenzangu wananiambia nina bahati."

Atuganile alitarajia hasira, au walinzi. Hakujua aufanyie nini upole huu. "Shuleni tulifundishwa kwamba ninyi ndio mlioujua mlima," alisema. "Kwamba wale wa nje walikuwa wamekwisha kufa."

"Walikaa benchi la mbele. Basi. Tusajigwe alikaa pale kwa sababu alikuwa haoni mbali." Bi Bupe alitabasamu bila furaha. "Unataka kujua utawala ulianzia wapi? Si pale Mlangoni. Ulianza waliporudi. Watano wale walirudi ukumbini wakijua wataulizwa, wamejiandaa kusema, kulia, hata kupigwa. Hakuna aliyewauliza neno. Watu walisogea, wakawapisha. Wakawapa viti. Wakawapa chakula kwanza. Hakuna aliyetaka kuwatazama usoni, na mtu asiyetazamwa usoni, mwanangu, hapingwi."

"Na majivu?"

"Yalikoma mwezi wa kumi na moja. Hewa ingewatosha wote." Alilisema hilo haraka, kama mtu anayekanyaga kaa la moto na kupita. "Mwaka wa tatu wakawaita watu wakasema, kazi mliyotupa imekwisha, chukueni. Wahenga walisema wengi wape. Waliwapa. Wengi wakakaa kimya mpaka watano wakaona haya, wakaondoka nayo tena. Baadaye walizoea. Nasi tumezoea. Sikudanganyi, kupishwa njia ni kitu kitamu."

"Kesho watafika wale wa Kaskazini."

"Ndiyo. Na kiti cha Lwitiko kiko wazi." Bi Bupe aliinama mbele. "Tulikuwa na mtu mwingine akilini. Lakini wewe umekwisha kusikia. Atakayesikia ni wetu, hakuna mahali pengine pa kumweka. Pandikizwa hiyo mbegu, kaa nasi, sema kesho kama unataka wafunguliwe. Wawili wanataka, wawili hatutaki. Kura yako itawaingiza wale watu, mchana mweupe, bila mtu yeyote kuumizwa moyo."

Atuganile aliitazama mbegu ndani ya bakuli. Ofa ile haikuwa mtego; hilo ndilo lililomtisha. Kwa neno moja angeokoa watu arobaini na watatu, na jina la mama yake mkubwa lingebaki ndani ya mfupa wake peke yake.

"Na mara nyingine je?" aliuliza. "Yakifika magumu zaidi, wakija mia tatu, kisima kikifa?"

"Utaamua na hiyo."

"Na wao?"

"Wao watakula viazi na kulala usingizi. Si haba, fundi. Kuna watu wameufia usingizi huo." Bi Bupe alinyanyuka, akishika goti. "Nipe jibu kabla ya maziko."

IV

Chumba cha Bi Subilaga kilikuwa na kitanda, kabati, na bomba la hewa lililopita juu ya kichwa cha kitanda. Tangu utotoni Atuganile alijua kwamba mama yake amelifunga bomba lile kwa matambara, tabaka juu ya tabaka. Aliwahi kuambiwa ni kwa sababu ya baridi. Mvukeni haikuwa na baridi.

Alikaa sakafuni, miguuni pa mama yake, kama alivyokaa zamani akisukwa nywele.

"Mama, nimeisikiliza mbegu ya mzee Lwitiko."

Bi Subilaga alikuwa akikunja khanga. Aliendelea kukunja.

"Kesho naweza kuwasikilizisha watu wote," Atuganile alisema. "Nikifanya hivyo utasikia mambo. Nimeona si haki uyasikie mbele za watu kwanza. Mama, wale watu wa nje hawakuwa wamekufa."

"Najua."

"Waligonga siku mbili."

"Siku mbili na asubuhi ya tatu." Sauti ya mama ilikuwa kavu kabisa. "Unafikiri ni Watano peke yao waliokuwa na masikio? Mabomba yalileta kila kitu. Tulikuwa tukila, tunasikia. Tulikuwa tukiimba ili tusisikie, tunasikia. Halafu ikaisha, na siku ile ilipoisha hakuna aliyesema, 'Imeisha.' Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliinua mkono, Atu. Nilimwona jirani yangu ameinua, nikainua. Niliona ni jambo jema kwamba sitaulizwa."

Atuganile alishika mguu wa mama yake. Alitaka kunyamaza. Alijua akinyamaza hapo, atakuwa amekwisha kukaa kwenye kile kiti.

"Mama mkubwa Ikupa alikuwepo," alisema.

Khanga ilisimama.

"Ulisema alifia njiani, kwenye majivu," Atuganile akaendelea.

"Nilisema hivyo. Naye alisema nini?"

"Alitaja jina lako. Alisema uambiwe amefika."

Bi Subilaga aliiweka ile khanga kitandani, akainyoosha kwa kiganja, akainyoosha tena, ingawa haikuwa na kunyanzi hata moja. Hakulia. Mwishowe alisema, "Usiicheze, mwanangu. Si kwa ajili yangu. Mimi nimekwisha. Wapo wazee mia tatu humu ambao usiku hulala kwa sababu watu watano wanakesha kwa niaba yao. Utawaamsha wote kwa siku moja. Wengine hawatalala tena mpaka kaburini."

"Na wale arobaini na watatu?"

"Kubali kiti. Wafungulie. Utakuwa umefanya wema, nasi hatutaulizwa."

Aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwa mama yake, kwa sauti ile ile ya kuomba kupunguziwa mzigo, Atuganile aliinuka sakafuni. Alimbusu mama yake mkono, akatoka.

V

Mwili wa mzee Lwitiko uliletwa ukumbini saa nne asubuhi. Watu wote walikuwepo. Watu wa Kaskazini nao walikuwa wamefika. Walinzi wa juu walisema wako mbele ya Mlango kwa utulivu na hawajagonga. Hilo la kutogonga lilikuwa limewakosesha raha wazee kuliko kitu chochote, maana walikuwa wakitega sikio.

Bi Bupe na wenzake watatu waliketi benchi la mbele. Kiti cha tano kilikuwa wazi. Bi Bupe alimtazama Atuganile na kuinua nyusi, na Atuganile akatikisa kichwa: hapana. Kisha akachomeka waya mwekundu.

Watu walisimama kwa heshima kungoja mvumo. Badala yake walisikia mtu akipumua.

Walisikiliza wakiwa wamesimama. Vijana walitazamana, hawaelewi, halafu wakaelewa. Ile sauti ya nyuma ya ukumbi iliposema sisi wengine tusiulizwe, mzee mmoja mwenye fimbo alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu, na watu waliokuwa karibu naye walijua ilikuwa sauti ya nani. Nguo zilisuguana ndani ya spika, mikono mia tisa ikiinuka. Kisha kukaja kugonga. Mabibi walianza kuimba, kwa midomo iliyofungwa, bila kujua kwamba wanaimba. Ikupa alilitaja jina la Subilaga. Wakati usukani ulipozungushwa, Atuganile alichomoa waya.

Maji yalisikika ndani ya mabomba.

Bi Bupe hakuwa amejaribu kumzuia. Alisimama, mikono imelegea. "Mmesikia," alisema. "Wapo arobaini na watatu nje. Vichujio vyao vinaisha leo jioni. Wakiingia, chakula kitapungua kwa kila mtu, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kisima cha pili kinaweza kufa, au kisife. Sisi hatuamui tena. Semeni."

Hakuna aliyesema.

Halafu Anyelwisye, msimamizi wa pampu, mwanamume wa miaka thelathini ambaye hakuwa amezaliwa siku ya Mlango, aliinua sauti. "Basi fundi aamue! Si ndiye aliyetufumbua macho? Yeye hana doa."

"Fundi aamue!" mtu mwingine alisema.

"Ndiyo, Atuganile! Aamue Atuganile!"

Sauti zilikuwa nyingi, za kweli, zenye shukrani. Watu waliokuwa mbele yake walisogea, na njia ikafunguka kutoka pale aliposimama hadi kwenye benchi. Alihisi joto likimpanda kifuani, joto zuri, kama mtu aliyekunywa uji baada ya safari. Hakuwahi kupendwa na watu wengi kiasi kile. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka kabla hajautambua.

Aliurudisha chini.

"Mimi nina nafsi moja," alisema. "Sitabeba ya mtu. Anayetaka ufunguliwe aende ukuta wa kushoto. Asiyetaka, wa kulia. Kila mtu atembee kwa miguu yake, aonekane. Hata ikituchukua saa sita."

Haikuwachukua saa sita, lakini iliwachukua tatu. Kuinua mkono ni rahisi. Kuuvuka ukumbi peke yako, mbele ya mume na watoto na jirani, ni jambo jingine. Wengine walienda upande mmoja, wakarudi katikati, wakalia. Mama mmoja aliwagombeza wanawe kwamba watakufa njaa. Mzee mwenye fimbo alikwenda kushoto, karibu atambae, akikataa kusaidiwa. Bi Bupe aliondoka benchini karibu wa mwisho. Alitembea kuelekea kushoto akigongana na watu, kwa sababu hakuna aliyempisha, na alionekana kama mtu anayejifunza upya namna ya kupita penye umati.

Bi Subilaga alikwenda kulia.

Atuganile alimfuata mpaka katikati ya ukumbi. "Mama."

"Niache." Macho ya mama yake yalikuwa makavu na mekundu. "Mkiufungua leo, Atu, basi hata siku ile ulikuwa unafunguka."

Atuganile alirudi, akasimama kushoto.

Kushoto kulizidi kulia kwa watu sitini na wawili.

Usukani ulikuwa umeshika kutu. Iliwachukua watu kumi na wawili, mafuta, na nyundo. Waliokuwa ukuta wa kulia hawakusaidia, lakini hawakuondoka. Walisimama njia kuu wakitazama, barakoa za akiba mikononi. Mlango uliachia kwa mlio mrefu, na mwanga wa jua, wa njano na mchafu, uliingia chini kwa chini juu ya sakafu. Vijana walirudi nyuma, wakaukwepa kama maji.

Mwanamke mmoja ndiye aliyetangulia kuingia. Alikuwa amejifunga mzigo mgongoni na majivu yamemjaa hadi kwenye kope. Alivua barakoa, akavuta hewa mara mbili, akawatazama. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mgeni aliyefika nyumbani kwa watu akakuta msiba.

"Hamjambo," alisema. "Naitwa Nsubile. Poleni sana. Tumewakuta wenzenu hapo nje, chini ya majivu, wameegemea Mlango. Hatukuweza kukaa juu yao. Tumewasogeza pembeni kwenye mwamba, mmoja mmoja, tumewalaza vizuri na kuwafunika. Ndiyo maana hatukugonga, mikono ilikuwa na kazi." Aliangaza macho njia nzima. "Mkubwa wenu ni nani, nimpe pole?"

Watu waligeuka kumtafuta Bi Bupe. Bi Bupe alikuwa amesimama kati yao, akitazama chini. Wakageuka kwa Atuganile. Yeye alimtazama yule mgeni, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu akasikia machozi yakimjia.

"Tupe sote, dada," alisema.

Nsubile alielewa, au alikuwa amechoka mno kuuliza. Alitua mzigo wake, akaanza na mtu aliyekuwa karibu. Alishika mkono, akasema pole. Akashika wa pili. Pole. Wenzake waliingia nyuma yake wakafanya vivyo hivyo, safu ya watu wenye majivu ikipita kando ya safu ya watu safi, na kila aliyeshikwa mkono alisikia neno lile kana kwamba limesemwa kwake peke yake. Anyelwisye alilishindwa, akageukia ukuta.

Nsubile alifika kwa Bi Subilaga. Mkono wake ulibaki hewani, maana Bi Subilaga hakuushika. Aliutazama tu: kucha zilizovunjika, majivu yaliyoingia kwenye mistari ya kiganja.

"Mikono hii ndiyo iliyowafunika?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Bi Subilaga alivaa barakoa, akaibana vizuri nyuma ya kichwa.

"Nionyeshe walipo," alisema, akatoka nje.